Kisu Kikomee Wapi?

Neva ya ulna hupita nyuma ya kiwiko, karibu kabisa na ngozi, katika njia nyembamba kati ya mfupa na utepe mgumu wa tishu. Ndiyo inayompiga mtu kama umeme akijigonga hapo. Ikibanwa muda mrefu, kidole cha mwisho na nusu ya kidole cha pete hufa ganzi, kisha mkono hulegea hata kufunga kifungo cha shati huwa kazi. Kuupumzisha mkono kusiposaidia, hubaki upasuaji.

Njia kuu ni mbili. Moja ni kuukata utepe na kuiacha neva palepale. Nyingine ni kuinyanyua neva na kuihamishia mbele ya kiwiko. Wanaohamisha wana hoja nzito: kiwiko kikikunjwa neva huvutika, na kuifungulia njia tu hakuondoi mvuto huo. Lakini hoja hupimwa kwa wagonjwa. Utafiti wa Uholanzi uliochapishwa mwaka 2005 uliwagawa wagonjwa 152 kwa nasibu. Nafuu ililingana, ilhali madhara yaliwapata takribani asilimia 10 ya waliofunguliwa tu na asilimia 31 ya waliohamishiwa neva.

Mgawanyo wa namna hiyo ulikuwa halali. Mwanafalsafa Benjamin Freedman alieleza mwaka 1987 kwamba inatosha wataalamu wenyewe wawe hawajaafikiana kwa dhati, hata kama kila daktari ana upande wake. Ila shaka hiyo ikishapungua, haiwezi kuendelea kutumiwa kama ruhusa ya kufanya lolote. Anayeupasua mwili wa mwenzake anadaiwa sababu, na kila anachozidisha kinadai sababu yake. Kuhamisha neva ni kuibandua pia kutoka kwenye vishipa vya damu vinavyoilisha. Umahiri wa mpasuaji hautoshi kuhalalisha hilo: unaonyesha anachoweza, hauonyeshi anachohitaji mgonjwa.

Hata hivyo, wastani wa wengi haumwelezi kila mmoja. Neva inayochomoka na kuruka juu ya mfupa kila mkono unapokunjwa, au kiwiko kilichopinda kwa kuvunjika utotoni, vinaweza kuwa sababu halisi ya kuhamisha. Pasipo sababu ya aina hiyo, njia fupi ndiyo ya kuanza nayo, na mgonjwa anayependekezewa ile ndefu ana haki ya kuelezwa kwa nini kabla hajatia saini.