Je, Mali Yangu Naweza Kuiharibu?

Liko swali dogo ambalo watu wengi hawaliulizi, kwa maana wadhani jibu lake lajulikana. Swali lenyewe ni hili: mtu akinunua kitu kwa fedha yake mwenyewe, asiibe wala asidhulumu, je, ana haki ya kukiharibu au kukitupa apendavyo? Wengi watajibu upesi, "Anayo haki, kwani ni chake." Sisi twataka kulipima jibu hilo, kwa kuwa juu yake zimejengwa desturi nyingi za nyumba zetu za siku hizi: chakula kimwagwacho kingali kizuri, maji yaachwayo yakimwagika, shati litupwalo kwa kukosa kifungo kimoja, na chupa za plastiki zilizoziba mitaro.

Kwanza tuutazame mfongo. Wakaao katika miteremko ya Kilimanjaro waijua vema mifereji hiyo iliyochimbwa na wazee. Maji huchukuliwa mtoni huko juu, yakapitishwa kando ya vilima hata yafike vihambani, na kila nyumba hupewa zamu yake. Basi, mtu akiwa katika zamu yake, maji ya saa zile ni yake. Hapana awezaye kumnyang'anya. Lakini akiisha kunywesha migomba yake, kisha akayaacha yapotee njiani kwa uvivu wa kuziba, je, amepoteza mali yake tu? La, sivyo. Amepoteza maji ya jirani aliye chini yake, ambaye amekaa na jembe lake akingoja. Hapo twaona ya kuwa neno "ni yangu" si uongo, walakini si kweli yote. Maji yalikuwa yake kuyatumia. Hayakuwa yake kuyapoteza.

Dr. Martin Luther, katika Katekisimo Kubwa aliyoitoa mwaka 1529, alipoieleza amri ya saba hakumtaja mwizi avunjaye nyumba peke yake. Alimhesabu pamoja naye mtumishi ambaye kwa uvivu na uzembe aacha mali ya bwana wake iharibike. Mtumishi huyo hakuchukua kitu kwenda nacho kwake, wala mfukoni mwake hamna kitu, hata hivyo bwana wake amepungukiwa sawasawa na aliyeibiwa. Sasa tujiulize: katika dunia hii sisi tu mabwana, au tu watumishi? Habari ya bustani ya Edeni yatuonyesha mtu aliyepewa kazi mbili, kulima na kutunza. Wengi wetu tumeishika ile ya kwanza, na ile ya pili tumeisahau.

Mtu atasema, "Hayo ni mafundisho ya ubahili. Mnatutaka tuhesabu punje za mahindi." Neno hili lastahili kujibiwa, kwa maana ubahili ni dhambi kweli, na kwa nje hufanana na uangalifu. Lakini tofauti yake yaonekana tukitazama mwisho wa kitu. Bahili huweka ili kitu kisitoke kwake. Mwangalifu huweka ili kitu kifike mahali kinapohitajiwa. Mwenye nguo kumi sandukuni, asizozivaa wala kumpa mtu, hata zikaliwa na nondo, huyo naye amepoteza, ingawa hakutupa hata uzi mmoja. Tena tukumbuke habari iliyo katika Injili ya Yohana, mlango wa 6. Watu wapata elfu tano walishiba, kisha wanafunzi wakaamriwa kukusanya vipande vilivyobaki, vikajaa vikapu 12. Yeye aliyewalisha kwa mikate 5 hakuwa na hofu ya kukosa mkate kesho. Basi kukusanya mabaki si alama ya hofu wala ya uchoyo; ni heshima kwa kitu kilichotolewa, na kwa yeye aliyekitoa.

Wengine watasema, "Mambo haya ni madogo. Dunia yaharibiwa na viwanda vikubwa na mataifa makubwa. Ganda langu la ndizi litafaa nini?" Hatukatai ya kuwa wakubwa wana hesabu kubwa zaidi ya kutoa, wala haifai mtu awafiche nyuma ya ganda la ndizi la mjane. Lakini hatia ya mwingine haijapata kuwa ruhusa yetu. Tena mambo madogo si madogo kama yadhaniwavyo. Bomba lidondoshalo tone moja kila sekunde hudondosha matone 86,400 kwa siku moja. Tukihesabu matone 20 kuwa mililita 1, hayo ni zaidi ya lita 4 kila siku, na kwa mwezi mmoja ni zaidi ya lita 120. Binti achotaye maji kwa ndoo ya lita 20 ajua vema maana ya safari 6 za kisimani. Wazee hawakukosea waliposema, haba na haba hujaza kibaba. Nasi twaongeza ya kuwa haba na haba hukimaliza vilevile.

Tutazame na mkaa. Katika tanuru la udongo, kilo 1 ya mkaa hutoka katika kilo 5 za kuni au zaidi, na moto usiposimamiwa vizuri kuni zaweza kufika kilo 10. Basi mama apikaye maharage bila kuyaloweka, na sufuria bila kifuniko, hachomi mkaa tu, bali achoma msitu ambao hakuuona kwa macho. Akiyaloweka tangu jioni, yataiva kwa moto mchache zaidi. Akifunika sufuria, mvuke utafanya sehemu ya kazi. Tena yuko awezaye kuchemsha chakula kwa muda, kisha akaiweka sufuria ndani ya kapu lililojazwa majani makavu au matambara, akaifunika vema; chakula kitaendelea kuiva kwa moto wake chenyewe. Hayo hayataki fedha, yataka kukumbuka tu.

Lakini twadhani kizuizi kikubwa si ubahili, wala si udogo wa mambo. Kizuizi ni aibu. Siku hizi avaaye nguo yenye kiraka huonekana maskini, na atupaye huonekana mwenye nafasi. Mke mgeni akihifadhi mabaki ya chakula, mawifi humcheka. Katika karamu ya harusi au ya kipaimara, mwenyeji huogopa kusemwa, kwa hiyo hupika mara mbili ya kile kiwezacho kuliwa, na kesho yake wali na nyama humwagwa shimoni, hali nyumba ya tatu kutoka hapo watoto walilala na uji. Watu wakisema, "Karamu ile ilikuwa kubwa," wamesifu nini? Wamesifu kile kilicholiwa, au kile kilichomwagwa? Heshima inunuliwayo kwa kumwaga chakula ni heshima ya uongo, nayo yatupasa kuiita kwa jina lake. Wazee wa kanisa na waalimu wangeweza kuianza desturi nyingine: kabla ya karamu wachaguliwe watu wawili, kazi yao iwe kupeleka chakula kilichobaki kwa wagonjwa na wajane jioni ileile, kingali safi. Aibu hapo hapana. Hapo ndipo karamu imekuwa kubwa kweli.

Wala kutumia kitu mara ya pili si jambo tulilofundishwa na wageni. Ni elimu ya nyumbani kwetu. Kanga mpya ilikuwa vazi. Ikichakaa ikawa mbeleko. Ikizidi kuchakaa ikawa winda la mtoto. Mwisho ikawa tambara la kudekia. Debe lililokuja na mafuta ya taa lilichotea maji, likapimia mahindi, hata jina lake likawa kipimo cha sokoni mpaka leo. Mafundi wa bati waligeuza makopo kuwa vibatari, na tairi lililokwisha likawa makatambuga ya kutembelea mwaka mzima. Na kihambani, maganda na majani ya mgomba hupewa ng'ombe bandani, samadi yake hurudi shinani pa mgomba, na mgomba huzaa tena. Katika mzunguko huo, neno "takataka" halina mahali pa kukaa.

Kilichoukata mzunguko huo hasa ni plastiki. Ganda likitupwa huoza likawa udongo. Mfuko wa plastiki ukitupwa wabaki. Huchanika ukawa vipande vidogo, ng'ombe na mbuzi wakavimeza, na mvua ikavichukua mpaka mtoni na baharini. Akiuchoma mtu, moshi wake una sumu, nao huvutwa na watoto wachezao uani. Kwa ajili hiyo Rwanda ilikataza mifuko ya plastiki mwaka 2008, Kenya ikakataza tangu 28 Agosti 2017, na Tanzania Bara ikakataza mifuko ya plastiki ya kubebea tangu 1 Juni 2019. Twashukuru kwa sheria hizo, nasi twaona kapu la ukili limerudi mkononi mwa mama aendaye sokoni. Lakini sheria yaweza kuondoa mfuko mkononi. Tabia ya kutupa haiondoi moyoni. Tabia hiyo huondolewa nyumbani, mbele ya watoto.

Basi, ndugu, tuseme waziwazi mambo machache yawezayo kuanzwa juma hili. Kila nyumba yenye shamba au bustani ichimbe shimo la mboji, maganda na majani yatiwe humo kwa tabaka, pamoja na samadi na majivu kidogo, yanyunyiziwe maji na kugeuzwa mara kwa mara. Baada ya miezi michache udongo wake utakuwa mweusi na mwororo. Maji yaliyooshea mboga yamwagiliwe mchicha, yasitupwe njiani. Mwenye nyumba ya bati aweke mfereji pembeni mwa paa: mvua ya milimita 1 juu ya meta 1 ya mraba ni lita 1, kwa hiyo paa la meta 40 za mraba, ikinyesha milimita 20, laweza kutoa karibu lita 800, yaani mapipa manne ya lita 200. Sindano na uzi viwe mahali pajulikanapo, na watoto wote, wa kiume na wa kike, wafundishwe kushona kifungo. Nguo zisizowatosha tena wapewe wenye umbo lake, zingali imara, si baada ya kuwa matambara.

Neno moja lataka kusemwa kwa uangalifu. Tusiende kuyahubiri haya kwanza kwa maskini. Yeye anayenunua mkaa kwa kopo na chumvi kwa kijiko hana cha kupoteza. Katika kazi hii yeye ni mwalimu wetu, si mwanafunzi. Kumwambia aliyekosa, "Usiharibu," ni kumwongezea mzigo asiostahili. Mahubiri haya yaanze kwetu tulio na mishahara, na mabati, na masanduku yaliyojaa. Kila tupunguzacho katika kupoteza kwetu kina mahali pa kwenda, na mara nyingi mahali hapo ni mlango wa jirani.

Sasa turudi kwenye swali letu. Je, mali yangu naweza kuiharibu? Kwa nguvu za mkono, naweza. Hapana baraza litakaloniita. Kwa haki, siwezi. Maana kabla kitu hakijawa changu kilikuwa maji ya mlima, mti wa msitu, jasho la mkulima. Na baada yangu wako watakaouliza kilikwenda wapi. Sisi tumesimama katikati ya mfongo. Walio juu yetu waliyaacha maji yapite hata yakatufikia, na walio chini yetu, wengine bado hawajazaliwa, wanangoja zamu yao.