Ukanda wa Asilimia 97

Fundi huyu wa Lushebere, katika Masisi, mashariki mwa Kongo, nimemtunga, lakini hesabu zake ni za kweli, na yeyote mwenye printa ya wino na rula anaweza kuzijaribu.

Alikuwa na kibanda cha sekretariati kando ya barabara, sola moja juu ya bati, na printa ambayo nusu ya kijiji iliitegemea. Ndani ya printa ya namna hiyo, nyuma ya kichwa cha wino, umetandazwa ukanda mwembamba wa plastiki angavu. Ukiutazama haraka utauona wa kijivu tu, kumbe ni mistari myeusi iliyobanana, mara nyingi 150 au 180 katika inchi moja. Kichwa kikitembea, kijicho cha mwanga huihesabu mistari hiyo, na kwa hesabu hiyo mashine hujua wino udondoke wapi. Mashine haina shahidi mwingine.

Ukanda ulichafuka, kichwa kikaanza kugonga pembeni. Fundi akausugua kwa asetoni, na mistari ikafutika pamoja na uchafu. (Kingetosha kitambaa laini chenye maji kidogo.) Kuupata mwingine kulikuwa safari ndefu kupitia Sake, kwa gharama asiyoiweza, basi akaamua kuuchora mwenyewe. Na hapo alionyesha akili nyingi. Wa zamani ulikuwa na mistari 150 kwa inchi, na printa ya leza huchapa nukta 600 kwa inchi. Gawanya: nukta 4 kwa kila mstari na nafasi yake, mbili nyeusi, mbili wazi, bila baki. Ungekuwa ukanda wa 180, jibu lingekuwa 3.33, na kwa kuwa hakuna theluthi ya nukta, baadhi ya nafasi zingetoka pana na nyingine finyu. Alijua pia kwamba A4, yenye urefu wa milimita 297, isingefika, na kwamba kuunga vipande viwili kungevuruga hesabu penye kiungo. Akamtuma mtu Goma achapishe kwenye plastiki ya A3.

Kompyuta ya huko ilikuwa imewekwa kupunguza kila ukurasa ili uingie ndani ya kingo, kwa asilimia 97. Hakuna aliyeuliza. Mistari 150 ikawa karibu 155, na jicho la mtu haliwezi kuona tofauti hiyo.

Printa ikaukubali ukanda. Barua zilitoka safi, matangazo ya kanisa yakatoka safi. Fundi hata alifanya jaribio: alichapa rula ya karatasi, akaiweka juu ya kazi zake nyingine, zikalingana kabisa. Zingekosaje kulingana? Zote mbili zilitoka kwenye ukanda uleule. Hapa ndipo ningependa kila fundi kijana asimame. Kipimo hakijipimi. Rula ya chuma ya mwanafunzi yeyote wa jirani ingemwambia ukweli kwa dakika moja.

Siku moja mzee mmoja alileta ramani ya shamba lake ichapwe upya, kwa vipimo vya 1 kwa 500. Upande wa mbele, mita 100, ulipaswa kuwa milimita 200. Ulitoka 194. Ule wa kwenda chini haukuguswa, kwa sababu usukumaji wa karatasi huongozwa na kisahani chenye mistari yake. Shamba likawa limebanwa upande mmoja tu, na kwa unadhifu kabisa.

Mahali pengine mita tatu ni nyasi. Masisi sivyo. Sheria ya mwaka 1973 iliifanya ardhi yote kuwa mali ya Serikali, huku wengi wakiendelea kuishi kwa neno la mila lisilo na hati. Mapigano yaliyoanzia Ntoto, Walikale, mwaka 1993 yalipofika Masisi, ugomvi wa ardhi ulikuwa miongoni mwa mizizi yake. Karatasi inayohusu mpaka huku ni kitu kizito.

Jirani aliipima ramani hiyo mpya kwa rula, akapata mita 97.

"Mzee, ni karatasi yako mwenyewe inayosema."

"Karatasi haikulima, mwanangu."

Wazee wakaagiza dekameta, yaani utepe wa kupimia ardhi, ukavutwa toka mtini hadi mtini: mita 100. Mzee alishinda mpaka, lakini akabaki na ramani isiyolingana na ardhi, na minong'ono kwamba ameighushi. Alirudi kibandani na ramani ya zamani mkononi, akaziweka mbili mezani bila neno. Fundi akaazima rula ya chuma.

Ukanda aliuchapisha upya, kwa asilimia 100 kamili, akaupima kabla haujaingia kwenye mashine. Tangu hapo, kila ramani inayotoka kibandani ina mistari miwili ya kipimo iliyochorwa ndani ya ramani yenyewe, mmoja wa kulala na mmoja wa kusimama, kila mmoja ukiandikwa "mita 50". Printa ikibana ramani, inaubana na mstari. Atakayepima shamba hupima kwa mstari ulio upande wake, na iwapo miwili hiyo haina urefu mmoja, karatasi inarudishwa kwa fundi kabla ya kufika kwa wazee.