Uso Juu ya Uso

Imekuwa desturi, katika mahubiri na katika mabishano ya siasa, kumtaja mnafiki kuwa ni mtu aliyevaa barakoa, na kumsifu mwenye insafu kuwa ni mtu aliyeivua. Na kwa kuwa usemi huu hupita vinywani bila ya kupingwa, wengi wetu tumekwisha kusadiki kwamba kila kinachofunika uso ni jamaa ya uwongo. Nimeupima usemi huu mara nyingi, na kila nikiupima naona kwamba unaidhulumu barakoa na kumpunguzia mnafiki dhambi yake. Mnafiki hana haja ya mti, wala shaba, wala kitambaa. Chombo chake ni uso ule ule aliopewa na Mola, na hila yake hufaulu kwa sharti moja tu, kwamba asiwepo aijuaye. Barakoa hujitangaza: aliyeivaa amekwisha kuwaarifu watu wote, kabla hajafungua kinywa, kwamba hapa pana kitu kilichofunikwa.

Wamakonde walilijua jambo hili zamani. Katika nyanda za juu za Newala, na katika zile za Mueda ng'ambo ya mto Ruvuma, kinyago cha ngoma, ambacho wenyewe hukiita lipiko, na vikiwa vingi mapiko, huchongwa kwa mti mwepesi mahali pa faragha porini, ambapo wanawake na watoto wasiotiwa jando hawana ruhusa ya kufika. Kikapandikizwa nywele za binadamu, kikatiwa nembo mithili ya zile chale ambazo wazee walichanjwa nyusoni mwao, na pengine kikavishwa ndonya mdomoni. Mchezaji hukivaa kichwani, akaiona njia kupitia tundu la kinywa chake, na mwili wake wote hufunikwa nguo hata isionekane ngozi yake. Anapotokea uwanjani kwa kishindo cha ngoma, yeye si jirani wa mtu yeyote. Ni kiumbe wa ghaibu, na watoto humkimbia kwa hofu ya kweli.

Lakini hofu hiyo ina kikomo kilichokwisha kuwekwa. Mvulana aingiapo jandoni huonyeshwa kwamba ndani ya lipiko mna mtu, na pahali palipotoka hofu huwekwa amana: siri ile sasa ni yake, naye ataitunza mbele ya wadogo zake kama alivyotunziwa yeye. Na akina mama? Sidhani kwamba mama aliyemlea mwanawe anashindwa kuzitambua hatua zake kwa kuwa tu kichwa kimefunikwa. Hata hivyo hukimbia mbele ya lipiko, na kukimbia kwao sikuoni kuwa ni ujinga. Nakuona kuwa ni adabu ya hali ya juu kabisa, ya mtu anayejua na akakubali kutojua ili jambo la watu wote lipate kutimia. Sijui unafiki wowote unaoweza kujengwa juu ya ridhaa ya namna hii.

Katika zama za Wareno wachongaji wa Mueda waliongeza nyuso za wakoloni katika safu ya mapiko, na watu wasioweza kumwambia mtawala neno ana kwa ana wakamcheza hadharani, wakamhukumu kwa miguu na kwa ngoma. Kinyago kimoja cha Kimakonde kiliibwa mwaka 1984 katika Makumbusho ya Taifa mjini Dar es Salaam, kikaonekana baadaye katika makumbusho ya Barbier-Mueller huko Geneva, wala hakikurejeshwa hadi mwaka 2010. Nami nilifurahi kwa kurudi kwake kama afurahivyo mtu aliyerudishiwa jamaa.

Sitakaa juu ya barakoa ya dhahabu ya Tutankhamun, wala juu ya kitambaa cha pamba ambacho tabibu Wu Lien-teh aliwahimiza watu kujifunika nacho katika tauni ya Manchuria ya 1910 na 1911. Wala sina haja ya kuwakumbusha watu wa Unguja barakoa za mabibi wa jumba la Seyyid Said, ambazo bintiye Salme alizieleza katika kitabu chake cha mwaka 1886. Sitara ni jambo ambalo pwani haifundishwi na mgeni.

Barakoa inayonishika moyo kuliko zote ilitengenezwa Paris. Vita Vikuu vya Kwanza viliwarudisha wanaume wengi wakiwa hai lakini hawana pua, au taya, au jicho, na ufundi wa matabibu wa siku zile haukutosha kuwarudishia. Mwishoni mwa mwaka 1917 mchongaji wa Kimarekani, Anna Coleman Ladd, alifungua karakana mjini humo chini ya Msalaba Mwekundu wa Marekani. Alichukua umbo la uso wa majeruhi kwa plasta, akatazama picha aliyopigwa kabla ya vita, akafinyanga kile kilichopotea, kisha akakitoa kwa bamba jembamba la shaba; na alipofika katika kupaka rangi alimvika mwenyewe barakoa ile, akaipaka ikiwa usoni pake, ili rangi ya bamba ipatane na rangi ya ngozi. Nyingi zilishikizwa kwa miwani, na nyusi na sharubu zilitiwa nywele za kweli.

Barakoa hizo hazikuweza kucheka wala kutafuna, na mwenyewe alizidi kuzeeka huku bamba likibaki na umri wa ile picha. Mkewe alijua. Majirani walijua. Naye hakutaka wasijue. Alitaka kwenda dukani akanunue mkate, akaketi miongoni mwa watu, bila ya kila jicho kumgeukia na kila mtoto kulia. Anayemwita mtu huyu mdanganyifu, kwa kuwa uso wake ulikuwa wa shaba, na anitajie mmoja aliyedanganywa.