Alinunua Neno Langu, Si Sarafu

Andiko: Luka 19:1-10, Mambo ya Walawi 25:14, Mathayo 22:15-22

 

Leo sikuja na mahubiri ya kuwainua kwenye viti. Nimekuja na mahubiri ya kunishusha mimi kwanza. Nimeomba ruhusa kwa wazee wa kanisa, nimeomba ruhusa kwa mama watoto, na wote wamesema sawa, sema. Kwa hivyo mnivumilie.

Wengi wenu mliofika nyumbani kwangu hapa Kitale mmeuona ule mkebe wa Kimbo. Ndani yake kuna sarafu. Baba yangu aliniachia ndururu za wakati wa mkoloni, zile zenye tundu katikati, ambazo unaweza kuzitunga kwenye kamba. Mimi nikaongeza zangu, kama ile shilingi 40 ya mwaka 2003 yenye picha ya Rais Kibaki, iliyotolewa Kenya ilipotimiza miaka 40 ya uhuru. Nikiwa na mawazo mengi, huzimwaga mezani na kuzipanga. Hiyo si dhambi. Lakini adui akitaka kukushika, haji na kitu usichokipenda. Anakuja na kile kile unachopenda. Amen?

Miaka miwili iliyopita, mwezi wa Machi, mashamba yalikuwa yamelimwa na kila mtu anaangalia mawingu. Mama watoto akanipa shilingi 15,000, pesa ya maziwa aliyoweka kidogo kidogo, niende mjini ninunue mbolea ya kupandia. Nikaingia hotelini kwanza kunywa chai. Hapo nikakutana na kijana mmoja, amevaa vizuri, ana heshima. Tukaongea mambo ya sarafu za zamani. Kumbe alikuwa ananipima. Akatoa mfukoni sarafu tano, kila moja ndani ya kifuko cha plastiki kigumu, zinang'aa kama dhahabu, zina ile herufi B yenye mistari miwili. Akaniambia, "Pasta, hii ndiyo Bitcoin yenyewe, ya kushika kwa mkono. Huko nje moja inanunua shamba. Mimi nina shida tu, nakuachia kila moja 3,000."

Mara tano, hesabu ni ngapi? Ni 15,000 kamili. Nikafikiri ni Mungu amepanga. Wapendwa, si kila hesabu inayotoka sawa imetoka kwa Mungu.

Nikarudi nyumbani bila mbolea. Mama watoto hakupiga kelele. Alichukua moja, akaizungusha mkononi, akaniuliza swali moja tu: "Baba, hii unaipeleka wapi ndio wakupe mbolea?"

Sikuwa na jibu, na mvua haingojei mtu kutafuta jibu. Wiki ile nilikuwa na mkutano Bungoma. Baada ya ibada, nikamwonyesha ndugu mmoja wa Kanduyi, fundi wa pikipiki, mtu wa kuomba sana. Nikamwuzia mbili, kila moja 4,000. Sikumlazimisha. Nilimwambia tu kwamba ni kitu kizuri, kwamba mimi mwenyewe ninazo. Nikapata 8,000, nikanunua mbolea kidogo, nikapanda. Wakati huo, kweli kabisa, niliamini ni mali.

Halafu ukweli ukaja. Kijana wetu wa kwaya, anayesomea kompyuta, alikuja nyumbani kunywa chai, nikamwonyesha zile tatu zilizobaki. Akanyamaza. Kijana akinyamaza mbele ya mchungaji wake, jua kuna jambo. Nikamwambia, "Mwanangu, sema."

Akanifundisha, na mimi nawafundisha ili asipotee mwingine. Bitcoin yenyewe haina umbo. Ilianza Januari 2009, na iko tu kwenye hesabu za kompyuta duniani kote. Mwenye nayo ni yule aliye na namba ndefu ya siri, inayoitwa ufunguo. Sasa, sarafu za kushika zenye Bitcoin ndani ziliwahi kutengenezwa kweli. Kule Marekani, jimbo la Utah, bwana mmoja aitwaye Mike Caldwell alianza mwaka 2011 kutengeneza sarafu za shaba zinazoitwa Casascius. Ndani aliweka kikaratasi chenye ule ufunguo, juu yake akabandika kibandiko cha hologramu kinachometameta. Ukikibandua, kinaacha alama, huwezi kukirudisha ati hakikuguswa. Kwa nje zinaonekana herufi chache za anwani, na kwa hizo mtu anaweza kuangalia kwenye intaneti kama pesa bado iko ndani. Ukishabandua na kutoa pesa, unabaki na kipande cha shaba tu.

Mwezi wa Novemba 2013, idara ya Marekani inayofuatilia uhalifu wa kifedha ilimwandikia kwamba kazi hiyo inahesabiwa kuwa biashara ya kusafirisha pesa, na inahitaji kusajiliwa. Akaacha kuuza zilizo na pesa ndani. Leo wakusanyaji wanazitafuta sana zile ambazo hazijabanduliwa. Hata zile za kwanza kabisa, ambazo jina lilikosewa herufi kwenye kibandiko, wao ndio wanazigombania zaidi.

Nikageuza yangu. Upande huu ile B. Upande ule michoro michoro. Hakuna kibandiko, hakuna anwani, hakuna ufunguo. Kijana akasema kwa upole, "Pasta, hizi ni pambo. Watu wanaziweka juu ya meza. Kwenye intaneti zinauzwa bei ya chakula cha mchana."

Sasa wapendwa, kudanganywa si dhambi. Ni maumivu, ni aibu, lakini si dhambi. Dhambi yangu ilianza jioni ile, kijana alipotoka mlangoni. Kwa sababu sasa nilijua. Na ndugu yangu wa Bungoma hakujua.

Siku ya pili simu ikalia. Mtu mmoja amesikia Pasta ana sarafu, anazitaka zile tatu, kila moja 5,000. Piga hesabu tena: 15,000. Pesa yote ya mama watoto ingerudi, na ile 8,000 ingekuwa faida! Nilimwambia nitampigia. Siku tatu nilikaa na lile jambo. Moyo ulikuwa unaniambia, wewe pia uliuziwa, hukutengeneza wewe, kila mtu afungue macho yake. Siku ya Jumatano nikaja kwenye maombi, nikapiga magoti, na maneno hayakuja. Nyinyi mlidhani mchungaji yuko ndani sana kwa Roho. Mchungaji alikuwa amekwama.

Ndipo Roho akanipeleka Walawi 25, mstari wa 14. Pale Mungu anazungumza na muuzaji na mnunuzi pamoja, kwamba wasipunjane. Nikaona jambo ambalo sikuwahi kuliona. Mungu hasemi, mkusipunjane isipokuwa kama wewe ulipunjwa kwanza. Hakuna nafasi hiyo. Hasara niliyopata ilikuwa yangu. Kumbebesha ndugu yangu hasara yangu, nikijua, huo ni wizi uliovaa tai.

Alhamisi asubuhi nikapanda matatu. Kiminini, Kamukuywa, Misikhu, Webuye, mpaka Bungoma. Hiyo barabara nimeipita mara nyingi, lakini siku ile kila kituo nilitamani kushuka. Nikamkuta ndugu ameinama kwenye pikipiki, mikono imejaa oili. Nikamwambia yote. Nikamwambia hizi ni pambo, mimi nilijua tangu Jumapili, na nimekaa kimya siku nne.

Hakusema kitu kwa muda. Alifuta mikono na kitambaa, kidole kimoja kimoja. Halafu akaniambia maneno ambayo sitayasahau mpaka nimwone Bwana: "Pasta, mimi sikujua hiyo sarafu ni nini. Hata sasa sijui. Mimi sikununua sarafu. Nilinunua neno lako."

Akaniambia kwamba amepata mtu wa Chwele, mama mjane anayeuza nguo sokoni, na wamekubaliana Jumamosi achukue moja kwa 6,000. Alimwambia mama huyo, imetoka kwa mtumishi wa Mungu. Mnasikia? Jina la Mungu lilikuwa limegeuzwa kibandiko. Kibandiko kinang'aa, ndani hamna kitu. Ningechelewa siku mbili tu, uongo wangu ungelala kwenye nyumba ya mjane.

Tusimame hapo kidogo. Kijana wetu aliniambia jambo lingine kuhusu zile sarafu za kweli za Utah. Aliyetengeneza sarafu ndiye aliyetengeneza na ule ufunguo. Mnunuzi hakuweza kuona kama alibaki na nakala. Kama angetaka, angetoa pesa usiku, na kibandiko kikae vile vile. Kwa hivyo hata aliyenunua ile ya kweli, alinunua uaminifu wa mtu. Mwambie jirani yako: uaminifu wa mtu! Shaba ni shaba. Kibandiko ni karatasi. Kinachofanya kitu kiwe na thamani mkononi mwa mwingine ni kama yule aliyekitoa anasema kweli. Basi ukiharibu neno lako, umeharibu pesa zako zote, hata zile zilizo halali.

Twende kwa Zakayo, Luka 19. Yesu hakumtuma Zakayo kurudisha pesa ndipo aje kwake kula. Aliingia kwanza. Neema ilitangulia. Lakini neema ilipokaa mezani, mkono wa Zakayo ukafunguka, akaahidi kurudisha mara nne kwa yeyote aliyemdhulumu. Mimi sikuweza mara nne. Hata mara moja sikuweza kwa siku moja. Nilimpa ndugu 5,000 nilizokopa, na zile 3,000 nikamtumia kwa M-Pesa mwezi uliofuata, baada ya pesa ya maziwa. Mavuno ya mwaka ule yalikuwa madogo, na mama watoto anajua kwa nini. Toba ina gharama, wapendwa. Toba isiyogusa mfuko, ichunguze.

Na yule wa kwenye simu, nilimpigia. Nilimwambia si Bitcoin, ni pambo. Akakata simu. Sawa tu.

Mtu atauliza, je, Pasta, unasema kripto ni ya shetani? Sijasema hivyo. Benki Kuu ya Kenya iliwaonya wananchi Desemba 2015 kwamba Bitcoin si pesa halali ya nchi hii, na pesa yako ikipotea huko, hakuna wa kukulinda. Ukiamua kuingia, ingia ukiwa umeuliza, si kwa sababu mtu amekuambia bei ya shamba. Usiingie na pesa ya fees wala ya mbolea. Ukiambiwa kuna pesa ndani ya sarafu, mwambie akuonyeshe iko wapi na ufunguo anao nani. Na ukikuta umedanganywa, lile shimo liishie kwako. Usichimbe lingine kwa jirani.

Namaliza. Mathayo 22, walimletea Yesu sarafu, naye akawauliza picha iliyo pale ni ya nani. Sasa chukua sarafu mpya ya Kenya, zilizotoka Desemba 2018. Shilingi moja ina twiga, tano ina kifaru, kumi ina simba, ishirini ina ndovu. Katiba ya 2010 ilikataza pesa yetu kuwa na picha ya mtu. Picha ya mtu imeondoka kwenye sarafu. Lakini picha ya Mungu haijaondoka kwa mtu! Mwanzo 1:27 bado iko pale. Yule fundi wa Kanduyi amebeba sura ya Mungu. Yule mama wa Chwele amebeba sura ya Mungu. Na mimi nilikuwa tayari kuwabadilisha kwa vipande vya bati vyenye herufi B.

Zile tano ziko nyumbani, zote zimerudi. Nimeziweka kwenye mkebe wa Kimbo pamoja na ndururu za baba. Watoto wangu wakiuliza, nawaambia: hizi ndizo ghali kuliko zote, kwa sababu nusura nizilipie kwa jina langu.

Maswali ya ushirika wa nyumbani

1. Kuna kitu umewahi kuuza ukijua kasoro yake na hukusema? Nani alikinunua?
2. Zakayo alirudisha baada ya Yesu kuingia kwake. Ni nani unapaswa kumtembelea wiki hii?
3. Watu wakisikia jina lako sokoni, wananunua nini?

Sala

Baba, tusamehe pale tulipofunika hasara yetu kwa kumuumiza mwingine. Tupe ujasiri wa kupanda matatu na kurudi kwa ndugu zetu kabla Jumamosi haijafika. Fanya neno letu liwe na kitu ndani. Katika jina la Yesu. Amen.