Nani Analipia Sifa za Sangara?

Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Wengi wetu tulifundishwa methali hii shule ya msingi, na maana yake tukaiandika kwenye daftari: usijisifu, kazi yako itakusifu. Kwa mtoto ni fundisho jema. Kwa nchi inayouza samaki Ulaya halisaidii sana. Mlaji wa Ujerumani au Hispania haijui Mwanza, na hana sababu ya kumchagua sangara akamwacha samaki wa bahari aliyemzoea. Ili anunue, lazima mtu amtembezee. Kutembeza kuna gharama: banda kwenye maonyesho, tiketi za ndege, vipeperushi, vyeti, chakula cha jioni na wanunuzi. Swali langu ni rahisi kulitamka na gumu kulijibu. Fedha hizo zikiwa za umma, au zikiwa makato ya wazalishaji wenyewe, nani anapata haki ya kusema, anasema nini, na kwa niaba ya nani?

Nimekulia Kirumba, mwendo mfupi kutoka soko la samaki la Mwaloni, na sasa nasoma shahada ya uzamili hapa hapa Mwanza. Huku sangara si mfano wa kitabuni. Ni ada ya shule, ni kodi ya nyumba, na ni harufu inayokufuata mpaka kwenye daladala.

Samaki huyu ni mgeni katika ziwa letu. Alipandikizwa wakati wa ukoloni, katika miaka ya 1950 na mwanzoni mwa miaka ya 1960, na ilipofika miaka ya 1980 alikuwa amezaliana kupita kiasi na kuwamaliza furu wengi ambao bibi zetu waliwapika. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 viwanda vya minofu vikajengwa Mwanza, na mnofu ukaanza kusafiri kwenye barafu kwenda Ulaya. Huko sangara akabatizwa upya. Wajerumani wanamwita Viktoriabarsch, Waholanzi victoriabaars. Jina hilo lenyewe ni tangazo. Halimtaji Msukuma wala Mkerewe. Linataja ziwa, na ziwa lenyewe lina jina la malkia wa Uingereza.

Serikali zetu zimeijua kazi ya kutembeza kwa muda mrefu. Mwaka 1978 sheria iliunda chombo cha kukuza biashara ya nje, BET, na sheria ya mwaka 2009 ikaleta TanTrade. Wananchi wengi tunaifahamu TanTrade kwa Sabasaba, lakini kazi yake inavuka viwanja vya Barabara ya Kilwa. Inatakiwa pia kuzitafutia bidhaa za Tanzania soko nje ya nchi.

Ukitazama wanavyofanya wakubwa, utaona sisi bado tunanong'ona. Marekani ina mpango unaoitwa Market Access Program, ambao kwa miaka mingi umetengewa takriban dola milioni 200 kila mwaka. Fedha hizo hupewa vyama vya wazalishaji na makampuni, nao huchangia sehemu yao, ili kutangaza mazao ya Marekani katika nchi nyingine. Miongoni mwa wanufaika ni Cotton Council International, chama kinachotangaza pamba. Hapo habari za Washington zinafika Kwimba na Magu. Mkulima wa Usukuma anayepalilia pamba kwa jembe la mkono yuko katika soko moja la dunia na pamba ambayo kwanza ilipata ruzuku shambani, kisha ikapata sifa za kulipiwa ng'ambo. Mtu akiniambia, "Wao wanafanya, sisi tukae kimya kwa sababu ya maadili?" sina jibu la kejeli. Ana hoja. Anayenyamaza sokoni wakati jirani ana kipaza sauti hawi mwadilifu zaidi kwa sababu hiyo. Biashara yake tu ndiyo inayolala.

Kwa hiyo sibishani na kutangaza. Nabishana na wazo kwamba tangazo ni maneno tu.

Wamarekani wenyewe walifikishana mahakamani kuhusu jambo hili. Kampuni moja ya uyoga, United Foods, ilikataa kulipa makato ya kutangaza uyoga kwa jumla, kwa sababu yenyewe ilitaka kusema kwamba uyoga wake ni bora kuliko wa wengine. Mwaka 2001 Mahakama ya Juu ikaikubalia: huwezi kumlazimisha mtu alipie maneno asiyoyaamini. Miaka minne baadaye wafugaji wa ng'ombe walipeleka shauri linalofanana na hilo, wakashindwa. Safari hii mahakama ilisema matangazo yale ya nyama ni sauti ya serikali yenyewe, na serikali inaruhusiwa kutoza watu na kusema inachotaka kusema, kwa kuwa wananchi wanaweza kuiwajibisha kwa njia nyingine.

Hukumu hizo mbili nimezifikiria sana nikiwa kando ya ziwa. Banda la Tanzania likisema Ulaya kwamba sangara wetu ni safi, amevuliwa kihalali na ana ukubwa unaoruhusiwa, hiyo ni sauti ya serikali. Lakini kati ya maneno yote hayo, hakuna hata moja ambalo serikali inaweza kulitimiza ikiwa mezani Dodoma. Yanatimizwa usiku na kijana aliye kwenye mtumbwi Ukerewe, na alfajiri na mchuuzi anayekimbiza samaki kwenye barafu kabla jua halijawa kali. Sifa iliyotolewa kwa mnunuzi ni ahadi. Mtoa ahadi ni mmoja, mtimizaji ni mwingine.

Ahadi inapovunjika tunajua nani analipa. Mwaka 1997 bakteria wa salmonela walipatikana kwenye minofu kutoka Ziwa Victoria, na mwisho wa mwaka huo, kipindupindu kilipoenea Afrika Mashariki, Umoja wa Ulaya ukazuia samaki wabichi wa kwetu. FAO na WHO walieleza kwamba hatari ya kipindupindu kusafiri kupitia samaki wa biashara ni ndogo mno, lakini zuio lilikuwa limeshashika. Mwaka 1999 likaja zuio lingine, baada ya habari kwamba baadhi ya wavuvi wanatumia sumu kuvulia. Bei kwenye mialo ikaanguka. Mvuvi ambaye hakuwahi kugusa sumu aliadhibiwa pamoja na aliyeigusa, kwa sababu mnunuzi wa mbali haoni mvuvi mmoja mmoja, anaona ziwa.

Upande wa ndani ni vilevile. Sheria inataka sangara avuliwe akiwa na angalau sentimita 50. Mwaka 2018 ikaja Operesheni Sangara, na nyavu na makokoro haramu vikachomwa moto. Sitetei makokoro, yanakomba vizazi. Nasema tu kwamba uzito wa sifa zetu nje unaishia juu ya watu ambao hawakuulizwa wakati sifa zinaandikwa.

Mama yangu mdogo anakaanga mapanki. Kwa msomaji asiye wa Kanda ya Ziwa, mapanki ni mabaki ya sangara baada ya kiwanda kuondoa minofu: kichwa, mgongo, na nyama kidogo iliyong'ang'ania mfupa. Siku moja nilipita kumsalimia nikamwuliza kama anajua kuna fedha zinazotumika kumtangaza sangara ng'ambo.

"Shikamoo kwanza," akanikatiza.

"Shikamoo, mama mdogo."

"Marahaba. Sasa wanamtangaza wa nini na hatoshi?"

Nikamweleza habari za soko, fedha za kigeni na ushindani. Alisikiliza huku akigeuza vichwa kwenye karai. Kisha akasema, "Sawa, mwanangu. Mnofu wausifie wao. Mimi mgongo wangu nausifia mwenyewe, na silipwi posho."

Isieleweke kwamba kula mapanki ni aibu. Supu ya kichwa cha sangara yenye ndimu na pilipili inawashinda wengi wanaojiona wameendelea. Kinachokera ni kukosa uchaguzi: kwamba watu wanaoishi na ziwa wanapata kinachobaki baada ya bei ya nje kuchukua fungu lake, na bei hiyo ya nje tumeitafuta kwa fedha za wote.

Kuna waliojaribu kulisema jambo hili kwa sauti kubwa. Mwaka 2004 Hubert Sauper, Mwaustria, alitoa filamu ya Darwin's Nightmare, iliyopigwa hapa Mwanza. Ilionyesha mapanki, umaskini na ndege za mizigo, ikadokeza kwamba ndege hizo zinaleta silaha, na ikateuliwa kuwania tuzo ya Oscar. Mwaka 2006 Rais Jakaya Kikwete aliilaumu hadharani kwamba inaichafua nchi. Ugomvi ule wengi waliutazama kama vita kati ya ukweli na uzalendo. Mimi naona watangazaji wawili. Mmoja alisema kwa niaba ya mvuvi kwamba kila kitu ni kizuri, mwingine akasema kwa niaba ya mvuvi huyo huyo kwamba kila kitu kimeoza. Wote wawili walikuwa na bajeti. Mvuvi alikuwa picha tu, kwenye kipeperushi na kwenye filamu pia.

Najua jibu la mchumi, na ni jibu zito. Fedha za kigeni zinazoletwa na minofu zinanunua dawa, mafuta na vipuri. Viwanda vimetoa ajira, na wakati samaki walipokuwa wengi bei ya kiwandani ilimwinua mvuvi kuliko soko la ndani. Kama nchi isingemtembeza sangara, huenda mapanki yasingekuwepo, na minofu pia isingekuwepo. Kwa hesabu ya jumla, pengine tumepata zaidi ya tulichopoteza. Lakini hesabu ya jumla haimalizi swali la haki. Familia inaweza kutajirika kwa jumla huku mtoto mmoja akibeba maji ya nyumba nzima. Akilalamika, humjibu kwa kumwonyesha tangi limejaa.

Ninachoamini ni hiki: sifa inayolipiwa na umma ni halali pale tu anayebanwa na ahadi yake ana kauli katika ahadi hiyo na ana fungu katika faida yake. Hili linawezekana. Huko Kolombia wakulima wa kahawa wana shirikisho lao tangu 1927. Kila kilo inayouzwa nje hukatwa mchango, na mchango huo ndio uliomlea Juan Valdez, yule mkulima wa kubuniwa mwenye kofia na nyumbu anayejulikana dunia nzima. Shirikisho hilo lina lawama zake, lakini mkulima wa kule anaweza kuuliza katika mkutano wa chama chake fedha za Juan Valdez zimekwenda wapi. Karibu na kwetu, mwaka 2009, sangara wa eneo la Bukoba walipata cheti cha Naturland ya Ujerumani, kwa ushirikiano wa shirika la misaada la serikali ya Ujerumani, GTZ, na kampuni za samaki. Cheti hicho hakikuangalia samaki peke yake. Kiliuliza pia kuhusu hali ya wavuvi. Angalau swali liliulizwa.

Naamini pia kwamba shilingi ya kuifanya sifa iwe ya kweli itangulie shilingi ya kuitangaza. Maabara ya ubora wa samaki pale Nyegezi, mwalo wenye sakafu safi, maji na choo, barafu inayofika visiwani: hayo ni matangazo bora kuliko bango lolote, na yana faida ambayo bango halina. Samaki aliyehifadhiwa vizuri kwa ajili ya Mholanzi amehifadhiwa vizuri kwa ajili ya mteja wa Kirumba pia. Bango la Brussels halimlishi mtu Mwanza.

Tukiendelea na mantiki hiyo, tutakumbuka samaki ambao hatuwatembezi kwa fahari. Dagaa wa ziwa hili, na kayabo, yaani sangara aliyetiwa chumvi na kuanikwa, wanavuka kwenda Kongo kwa magunia. Sijawahi kuona bango lililomwita mnunuzi wa Kongo. Anakuja kwa sababu watu wake wanakula. Wanawake wengi wanaishi kwa biashara ya dagaa. Wanachohitaji ni chanja za kuanikia ili dagaa wasikae mchangani, ghala lisilovuja mvua za masika, na utaratibu wa mpakani unaoeleweka. Fedha ya kukuza mauzo ya nje ikitumika hivyo, haitapata picha nzuri ya ufunguzi. Itapata dagaa wasio na mchanga, Mwanza na Lubumbashi.

Kila Agosti, Nane Nane inapofika viwanja vya Nyamhongolo, mabanda hupambwa na maofisa hutueleza tunauza nini na nchi gani zinanunua. Ningependa mwaka mmoja nione ubao wa ziada kwenye banda la uvuvi, ulioandikwa kwa Kiswahili cha kawaida: mwaka huu tumetumia kiasi hiki kumsifia sangara nje, tumewaahidi wanunuzi mambo haya, na vikundi vya mialo vilivyokubali kuyatimiza ni hivi. Kijana wa mtumbwi ausome, akune kichwa, aulize swali. Na awepo ofisa mwenye wajibu wa kumjibu.