Tuzo Zilivyoimaliza Ngoma

Wewe unayeongoza kikundi cha sanaa Temeke au Kinondoni, kabla hujapanga ratiba ya onesho lijalo, ifikirie kwanza habari ya Muungano na TOT.

Muungano Cultural Troupe ya Norbert Chenga ilitamba tangu miaka ya 1980. Tanzania One Theatre, yaani TOT, ikazaliwa 1992, mwaka wa vyama vingi, chini ya Kapteni John Komba. Kiingilio kimoja kilikupa ngoma, sarakasi, vichekesho, maigizo na taarab. Mtoto wa Tandika aliiona sindimba ya Wamakonde bila kufika Mtwara, na Wasukuma wakirusha majembe katika bugobogobo bila kupanda treni ya Mwanza.

Ukaja ushindani wa taarab. Khadija Kopa akiwa TOT, Nasma Khamis akiwa Muungano, mipasho ikajaza kumbi. Waimbaji wale walistahili sifa zote. Lawama yangu ni kwa uongozi wa vikundi vya namna hii. Mwimbaji hutuzwa: shabiki anainuka, anakwenda akicheza mpaka jukwaani, anambandika noti usoni. Mpiga ngoma amewahi kufika, amewasha makaratasi nyuma ya ukumbi, anaipasha ngozi na kuigonga kwa kidole mpaka ilie anavyotaka. Mcheza sindimba yumo mstarini na wenzake, jina lake halitajwi. Nani atamtuza?

Basi mkurugenzi akihesabu pato, taarab inalipa na ngoma inakula. Anapunguza ngoma moja, kisha nyingine. Wakongwe wanatawanyika, nao huondoka na kila kitu, maana ngoma hujifunzwa kwa kusimama nyuma ya anayeijua. Komba alipofariki Februari 2015, TOT ilikuwa imeshajulikana zaidi kwa taarab na bendi yake ya dansi.

Serikali nayo ilikuwa imekivunja kikundi cha ngoma cha taifa, ikafungua Chuo cha Sanaa Bagamoyo 1981. Chuo kinafundisha vizuri, lakini mhitimu anahitaji kikundi cha kumwajiri mtaani.

Tuzo zote ziingie mfuko mmoja, kila msanii apate mgawo, mpiga ngoma akiwemo. Na kama kikundi chako kina mzee anayejua kuwamba na kupiga, mkabidhi vijana wawili sasa hivi, umlipe kwa kuwafundisha, mbali na posho yake ya jukwaani.