Nyumba ya Kukisia

Mnakili wa utenzi akikuta mchwa wamekula neno, ana njia mbili: aliache pengo, au atie neno lake litimizalo vina na mizani. Mwaminifu huliandika pambizoni. Asiyejali hulitia katikati ya mshororo, na vizazi vijavyo vitalikariri kuwa la mtunzi. Je, huyu wa pili amehifadhi au ameghushi?

Swali hili huwakabili pia wajengao upya nyumba za kale katika makumbusho ya akiolojia ya uwanja wa wazi. Mchimbuaji hupata mashimo ya nguzo, majivu na vigae. Paa aghalabu limekwisha kuoza. Lakini nyumba isiyo paa si nyumba, na mgeni aingiapo ndani haoni mpaka baina ya kilichochimbuliwa na kilichokisiwa. Nyumba haina pambizo.

Huko Unteruhldingen, Ujerumani, kando ya ziwa Bodensee, nyumba mbili za nguzo zilijengwa mwaka 1922 kwa kufuata rai ya Ferdinand Keller, Mswisi aliyetangaza mwaka 1854 kwamba watu wa kale wa maziwa yale waliishi juu ya maji. Utafiti wa baadaye umeonyesha kuwa nyingi zilisimama ufukoni, kwenye ardhi ya majimaji. Kosa hilo lasameheka. Lisilosameheka ni lile la mwaka 1938, makumbusho yalipotiwa chini ya jumuiya ya Wanazi, nyumba zikafanywa hoja ya ukuu wa Wajerumani wa kale. Na huko Biskupin, Poland, kwenye kijiji cha mbao cha karne ya 8 kabla ya Kristo, wataalamu wa Poland walianza kuchimba mwaka 1934, na wengi wakaona humo fahari ya Waslavi. Vita vilipoingia, SS wakachimba wao, 1940 hadi 1942, wakiwatafuta Wajerumani. Mbao zile zile!

Ndiyo maana siuoni ushirikiano wa kimataifa wa makumbusho haya kuwa adabu ya mikutano tu. Jumuiya ya EXARC iliasisiwa mwaka 2001 kuyaunganisha. Na kati ya 2006 na 2009 mradi wa liveARCH ulikutanisha makumbusho manane ya nchi nane, Unteruhldingen yakiwamo. Jirani hana haja na uongo wako, kwani mababu zako si mababu zake. Akiuliza, "Paa hili mmelijuaje?", hatajibiwa kwa nasaba.

Yamkini jirani naye akakosea pamoja nawe. Rai ya Keller ilivuka mipaka na kupendwa kwa miongo mingi. Kukubaliana hakukuifanya kweli. Basi kwangu tija ya ujirani huu imo katika ubishi wake zaidi kuliko katika mapatano. Pale Unteruhldingen nyumba za 1922 hazikubomolewa. Kando yake zimejengwa nyingine, kwa maarifa ya miaka ya baadaye, na mgeni hutembea juu ya madaraja ya mbao kutoka dhana moja hadi nyingine.